Mwiko wa Mama na Meno ya Njuga

Mwiko ule ulitoka Mpwapwa umeviringishwa kwenye kanga mbili, katikati ya begi langu la safari, pamoja na dagaa na karanga. Mama aliuchongesha kwa fundi wa pale mtaani, wa mninga, mzito, wenye ubapa mpana. "Hiyo ya plastiki ya huko itakukunjikia mkononi ugali haujaiva," aliniambia. Kwa miaka sita niliusongea ugali hapa St. Paul, Minnesota, na kila nilipoushika nilikuwa jikoni kwetu.

Jumapili moja ya mwezi wa nne nilitoka kuoga nikasikia kitu kikikwaruzwa chini ya meza. Mbwa wangu, Njuga, alikuwa amelala kifudifudi, ameukamata mwiko kwa miguu yake miwili ya mbele na kuusimamisha kama mtoto anayekula muwa, kichwa amekiinamisha upande, anauguguna kwa magego. Upande mmoja wa ubapa ulikuwa umeshakwisha. Unga wa mbao ulikuwa umemganda kwenye sharubu, na pale alipokuwa aking'ata palikuwa na damu kidogo.

Nilimfokea. Nilimpokonya mwiko, nikampigia kelele mpaka akajikunyata nyuma ya kochi, masikio yamelala, macho yanatazama pembeni. Halafu nilikaa sakafuni nikalia, maana mama yangu amezeeka na sijui nitakwenda lini tena kumwona. Naandika haya kwa sababu ya ile sura ya nyuma ya kochi. Sikuielewa, na hata kile nilichokuwa nikimfokea sikukielewa. Imenichukua karibu mwaka mzima kujua mbwa huyu anatafuna nini na anatafuna kwa nini, na katika mwaka huo nimemkosea mara nyingi kuliko yeye alivyonikosea.

Njuga ni basenji. Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshasikia jina hilo likimgonga sikio vibaya, na hajakosea: ni ndugu wa neno letu "washenzi". Kwa Kilingala huitwa "mbwa na basenzi", yaani mbwa wa watu wa vijijini, watu wa porini. Wageni waliokwenda kuwachukua Kongo waliondoka na jina hilo, na leo ndilo linaloandikwa kwenye vyeti vya mbwa hawa dunia nzima. Linaniuma kulitamka mbele ya mama. Nilimpa jina la Njuga kwa ajili ya kazi ya ukoo wake. Mbwa hawa hawabweki kama wengine. Koromeo lao lina umbo la kwake, na sauti inayotoka inafanana na ya mtu anayepiga miayo huku akijaribu kuimba. Kwa hiyo kule kaskazini-mashariki mwa Kongo, kwa Wazande, kwa Wamangbetu na kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, ambako Kiswahili nacho kinasikika sokoni na njiani, wawindaji huwafunga shingoni kengele ya mti ili wajue mbwa yuko upande gani wa kichaka. Mbwa huingia ndani, humtimua mnyama, humsukuma hadi kwenye nyavu zilizotandwa. Ni mbwa mdogo, dume lake lina kilo kama 11 na kimo cha sentimita 43 begani, jike pungufu kidogo. Lakini ni mwindaji kamili.

Jozi ya mbwa hawa iliyopelekwa Uingereza mwaka 1895 ilikufa kwa maradhi. Mwaka 1937 ndipo bibi mmoja, Olivia Burn, alipowaonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, na kuanzia hapo wakashika mizizi. Basenji wengi wa Ulaya na Marekani wanatokana na mbwa wachache waliotolewa Kongo miaka ya 1930 na 1940, na wengine walioongezwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Yaani haijatimia miaka 100 tangu bibi zake Njuga walipokuwa wakila jasho lao msituni. Nilipoliweka hilo kichwani, mambo mengi ya nyumbani kwangu yalianza kujieleza.

Jioni ya siku ile ya mwiko nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka hivyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwiko utachongwa mwingine. Ila babu yako alikuwa na mbwa watano, na hakuna hata mmoja aliyekula mwiko. Huyo wako hana adabu kwa sababu mnalala naye ndani."

Sikuwa na jibu. Babu namkumbuka vizuri. Alikuwa akitoka na mbwa wake alfajiri, kabla umande haujakauka, wanarudi jua limepanda, wakati mwingine na sungura au digidigi, wakati mwingine mikono mitupu. Mbwa waliingia uani ndimi nje, wanajitupa chini ya mwembe, wanalala mpaka jioni kama magunia. Kikipatikana kitu, vichwa, kwato na matumbo yalikuwa yao. Ni kweli, sikumbuki mbwa wa babu akigusa kiatu cha mtu.

Wiki iliyofuata mama alinipigia yeye mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Nimekumbuka," akasema. "Walikula kitanda cha mjomba wako. Kile cha kamba za ngozi. Walikula kamba zote, kikabaki kibao cha juu na miguu."

"Lini, mama?"

"Mwaka wa zile mvua nyingi. Mto ulijaa, babu yako hakwenda porini kama wiki tatu."

Tukacheka wote wawili, lakini baada ya kukata simu nilibaki nimeishika. Wiki tatu bila kazi, na mbwa wale wale wenye adabu walikuwa wamekula kitanda.

Sasa nirudi kwenye damu iliyokuwa kwenye mwiko, maana hiyo ndiyo ingenifungua macho mapema kama ningekuwa na akili ya kuitazama. Basenji jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, kwa kawaida majira ya vuli, na ndiyo maana watoto wao wengi huzaliwa Desemba au karibu na hapo. Njuga alizaliwa Desemba na nilimchukua Februari, theluji ikiwa magotini. Aprili alikuwa na miezi minne. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, mbwa mzima ana 42, na kubadilishana huko kunaanza kwenye mwezi wa tatu au wa nne hadi kama wa saba. Meno ya mbele hutangulia, kisha chonge na magego. Ufizi unavimba, unawasha, unauma, na dawa anayoijua mtoto wa mbwa ni kuusugulia kwenye kitu kigumu kinacholegea kidogo. Mwiko wa mninga uliolowa miaka sita ya ugali, mchicha na mafuta ya karanga ulikuwa dawa na chakula kwa pamoja. Siku tatu baadaye nilikanyaga kitu kwenye mkeka nikadhani ni punje ya mchele. Lilikuwa jino. Jeupe, dogo, ncha yake kama sindano, ndani tupu. Ninalo mpaka leo, nimelitia kwenye kikopo cha hereni.

Daktari wa mifugo aliniambia nilowanishe kitambaa, nikisokote kama kamba na kukigandisha kwenye friza. Nilifanya hivyo kila siku mpaka mwezi wa sita. Ndala zangu zilipona, zile zilizokuwa zimebaki. Nikadhani nimemaliza.

Meno yalipokamilika, Njuga aliingia kwenye aina nyingine kabisa ya kutafuna, na hii ningependa niieleze taratibu, maana ndiyo watu wengi huiita uharibifu. Siku moja alipata boksi la tishu. Badala ya kumpokonya, nilikaa kwenye ngazi nikamwangalia. Alilikanyaga kwa mguu mmoja. Akachomoa tishu ya kwanza kwa meno ya mbele tu, yale madogo, akaitupa pembeni kwa kukitikisa kichwa. Ya pili. Ya tatu. Hakumeza hata moja. Alikuwa analinyonyoa boksi lile kama mtu anavyonyonyoa kuku aliyetoka kwenye maji ya moto, kwa subira, shughuli imemkaa. Zilipokwisha tishu aliligeuza boksi, akaingiza magego ya pembeni kwenye ukingo na kuanza kulipasua kwa mistari mirefu. Magego yale ya pembeni, moja la juu na moja la chini, yanapishana kama makali ya mkasi. Yameumbwa yakate ngozi na mishipa. Alipofika kwenye kadibodi ya chini alisimama, akajinyoosha, akaenda kulala.

Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Massachusetts aliyewachunguza mbwa wa kazi kwa muda mrefu, alieleza uwindaji wa mbwa kama mnyororo: kutazama, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua, kupasua, kula. Binadamu tumeukata mnyororo huo mahali tofauti kwa kila ukoo. Mbwa mchunga kondoo tumemwachia kutazama, kunyatia na kukimbiza, tukamkatiza kabla hajang'ata. Basenji hatukumkata sana. Sasa fikiria mnyororo huo mrefu umefungiwa kwenye nyumba ya vyumba viwili, nje kuna baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na mbwa wa msitu wa Ituri hataki hata kuigusa theluji. Hakuna cha kunyatia. Hakuna cha kukimbiza. Kilichobaki ni kupasua, na cha kupasua ni mto, kitabu, rimoti ya televisheni. Mbwa wa babu waliitumia midomo yao kwa kazi ya mchana kutwa. Wa kwangu alikuwa na midomo ile ile na hana kazi.

Nilichofanya ni kumpa kazi. Chakula chake cha jioni siku hizi hakiingii kwenye bakuli. Nakisambaza ndani ya maboksi ya karatasi yaliyotiwa moja ndani ya jingine, nayafunga bila gundi na bila pini, na yeye anafukua, anapasua, anachambua. Nusu saa nzima. Nyumba inabaki na vipande vya karatasi kila kona, navifagia, basi. Matembezi nayo nimeyabadilisha. Zamani nilimvuta twende haraka kwa sababu nasikia baridi. Sasa namvalisha koti lake na namwacha anuse nguzo moja kwa dakika tatu akitaka. Na majira ya joto nampeleka kwenye uwanja mmoja nje ya mji ambako mifuko myeupe ya plastiki hufungwa kwenye uzi mrefu na kuvutwa kwa mashine, inakata kona kama sungura, na mbwa wanaifukuza. Mara ya kwanza alipouona mfuko ule ukiruka majanini alitetemeka mwili mzima kabla sijamfungua. Akiukamata huung'ata, huutikisa, huupasua. Siku hiyo akirudi hulala kama mbwa wa babu chini ya mwembe, na hakuna kitu ndani ya nyumba kinachohitaji kufichwa.

Nahitaji pia kusema neno kuhusu vitu vya kutafuna vinavyouzwa madukani, kwa sababu hapa nimeumia. Nilinunua kipande cha pembe ya kulungu kwenye duka moja; muuzaji alinihakikishia ni kitu cha asili, kinadumu, hakivunjiki. Ni kweli hakikuvunjika. Lililovunjika ni jino la Njuga, gego lile kubwa la juu, upande wa nje umebanduka kama kigae, ndani kinaonekana kitone chekundu. Alikuwa akila upande mmoja tu kwa siku mbili kabla sijaliona. Liling'olewa kwa ganzi ya usingizi, na bili yake sitaisahau. Tangu hapo nina kipimo kimoja: nakibonyeza kitu kwa ukucha wa dole gumba, na kama ukucha hauachi alama, kinarudi kwenye rafu. Pembe, kwato zilizokaushwa na mifupa iliyopikwa vyote nimeviacha, mifupa iliyopikwa hasa, maana hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Na waya za umeme nimezipitisha nyuma ya makabati, chokoleti iko juu kabisa, na ubani wa kutafuna usio na sukari hauingii nyumbani kwangu, kwa sababu ile zailitoli inayowekwa ndani yake badala ya sukari humuua mbwa mdogo kwa kiasi kidogo tu. Mbwa anayeanza kumeza mawe, udongo au nguo, si kuvitafuna tu, apelekwe kwa daktari asisubiri.

Kisha likaja la mlango.

Novemba nilibadilishiwa zamu kazini. Badala ya kutoka jioni nikawa natoka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, na kurudi mchana. Siku ya kwanza nilirudi nikakuta mwimo wa mlango wa mbele umeguguniwa kuanzia usawa wa kitasa kwenda chini, mbao nyeupe imetoka nje ya rangi, na sakafu imelowa mate. Maboksi yake ya chakula yalikuwa pale pale, mazima, na chakula ndani. Hilo ndilo lililonishtua. Mbwa huyu kuacha chakula!

Niliiacha simu ya zamani ikirekodi. Jioni niliitazama video ile nikiwa nimesimama jikoni, na sikuweza kuimaliza kwa mara moja. Mlango unafungwa. Njuga anasimama, masikio mbele, anasikiliza hatua zangu zikishuka ngazi. Anakwenda dirishani, anarudi. Dakika ya nne anatoa ile sauti yake, ndefu, inapanda na kushuka, sijawahi kumsikia akiitoa hivyo nikiwepo. Halafu anaanza mlango. Anaukwaruza, anaung'ata, anasimama kusikiliza, anaung'ata tena. Hakugusa kochi wala viatu vilivyokuwa hatua moja tu kutoka pale. Alikuwa anatafuta njia ya kunifuata.

Mbwa anayetafuna kwa kukosa kazi kwa kawaida hulala kwanza, huamka, huzunguka nyumba, huokota hiki na kile. Mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, na huenda pale ulipotokea wewe: mlangoni, dirishani. Anatoa mate, anahema, hali. Alama za meno ni zile zile, lakini ni kilio. Na mimi siku ile ya kwanza, kabla ya video, nilikuwa nimemfokea tena.

Alijikunyata vile vile nyuma ya kochi. Mama, nilipomweleza, alisema wanachosema wengi: "Anajua kosa lake. Si unaona anavyoficha macho?" Nami niliamini hivyo maisha yangu yote. Lakini mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa Barnard College, New York, alilipima jambo hili kwa mbwa 14. Baadhi yao walikuwa wamekula kitu walichokatazwa, wengine hawakukigusa, na wenye mbwa waliambiwa mbwa wao amekosa au hakukosa, si mara zote kwa ukweli. Sura ile ya majuto ilifuata kufokewa. Aliyekula na asiyekula waliinamisha vichwa vyao sawasawa, na ambaye hakuwa na kosa akafokewa aliinamisha zaidi. Njuga nyuma ya kochi alikuwa ananiogopa mimi. Hakuwa na njia ya kujua kwamba kelele za saa saba mchana zinahusu mbao aliyoing'ata alfajiri.

Kutengeneza hilo kulichukua muda kuliko yote. Nilianza kutoka na kurudi kwa sekunde tano. Navaa koti, nachukua funguo, nafungua, nafunga, narudi, sisemi kitu. Sekunde 10. Nusu dakika. Kuna siku tulifika dakika tatu na kesho yake tukarudi sekunde 20. Katika wiki hizo zote hakuachwa peke yake. Jirani wa chini, mzee mstaafu aliyefiwa na mbwa wake, alikuja kukaa naye alfajiri, na sijui nitamlipa nini. Daktari aliniambia wapo mbwa wanaohitaji na dawa, na kwamba hakuna aibu ndani yake. Kwa Njuga haikufika huko. Mwishoni mwa Januari video ilimwonyesha akisikiliza hatua zangu, akipumua kwa nguvu mara moja, kisha akienda kwenye maboksi yake.

Mwimo sijaubadilisha. Fundi alisema ataupiga plasta na rangi, nikamwambia asubiri kwanza.

Mwezi uliopita mtu wa kwetu alikuja kutoka Dodoma na boksi kutoka kwa mama. Ndani mlikuwa na mwiko mpya, wa mninga vile vile, na chini yake, kwenye gazeti, wa pili mdogo. Nilimpigia kwa video nikimshukuru.

"Huo mdogo ni wa nani, mama?"

"Wa mwenzio. Mwambie wako usiguswe."

Nikamweleza kwamba mninga ni mgumu mno kwa meno yake, amebakiwa na gego moja la juu la kukatia, hatuthubutu. Akasikitika kidogo. "Basi mpe boksi," akasema. Nikaliondolea gundi ya plastiki, nikatia punje chache za chakula ndani, nikaliweka sakafuni na kumgeuzia simu aone. Njuga alilizunguka mara moja. Akalikanyaga kwa mguu, akaingiza meno kwenye kona, akavuta taratibu hadi ukanda mrefu ukabanduka, akautupa pembeni, akarudia. Mama alitazama muda mrefu bila kusema kitu. Nilimsikia akimwita dada aje aone.

"Anachuna," akasema. "Anaanzia pembeni kama babu yako."

Kisha akaniuliza kama theluji bado ipo.